Mwanzo wa majira ya kuchipua: mlima upi uende sasa na upi uuache kwanza

Kila mwaka jua likianza kuwaka kidogo bondeni na maua ya kwanza yakachomoza, meseji zinamiminika: twende wapi, kilele gani kiko tayari? Kazi yangu ni kupanga njia na kuongoza watu milimani, na najua jibu langu linawachosha wengine manake badala ya kutaja mlima naanza kuuliza maswali. Lakini hakuna namna. Mwezi wa tatu na wa nne kwa walio nusu ya kaskazini ya dunia (huko kusini ni wa tisa na wa kumi) chini kumeshachangamka ila juu bado ni baridi ileile ya mwezi wa kwanza, yaani ukipanda masaa matatu tu umerudi nyuma miezi miwili.

Kwa hiyo kilele tukiweke pembeni kwanza, tuongee mwinuko.

Hewa inapoa kwa wastani wa nyuzi 0.65 kila ukipanda mita 100. Chukua bonde lililo mita 500 ambako leo kuna nyuzi 10, piga hesabu, utakuta sifuri iko kwenye mita 2,040 hivi. Sasa watu wengi wanaishia hapo na kusema basi chini ya mita 2,000 hakuna theluji, hapana jamani, theluji iliyorundikana miezi yote ya baridi haiondoki kwa siku mbili za joto, itabaki kwenye makorongo na chini ya miti mizito mamia ya mita chini ya huo mstari na inaweza kukaa wiki kadhaa. Unachotakiwa kujua ni theluji inaishia wapi wiki hii, siyo mwaka jana, na siyo kwenye picha nzuri mtu aliyopiga mwezi wa saba. Mimi naangalia kamera za mtandaoni za vituo vya mchezo wa ski, alafu nafungua picha za setilaiti za Sentinel-2 ambazo ni bure na sehemu nyingi zinapatikana kila baada ya siku tano hivi. Mawingu yakiwa hayajaziba unaona mpaka wa weupe umechorwa kabisa.

Na huo mpaka haujanyooka, ndo hapa mambo yanapoanza kunoga. Ukikuza picha utaona mlima mmoja ubavu wake wa kusini umekauka mpaka juu huko, na ubavu wa kaskazini mweupe karibu na bonde. Nusu ya kaskazini ya dunia jua linapiga ubavu unaotazama kusini, nusu ya kusini ni kinyume chake. Kwa mwanzo wa majira haya upande wa jua ndo chaguo langu karibu kila mara, ila kuna mtego. Njia nyingi hazikai upande mmoja. Inapanda vizuri kwenye nyasi kavu, kijasho kinakutoka, umeshavua koti, alafu inakunja kona moja na kuingia kwenye korongo linalotazama kaskazini, na hapo unakuta mita 50 za theluji ya zamani iliyoganda usiku, ngumu kama kigae, imelalia njia yote na chini yake mteremko unaenda moja kwa moja mpaka kwenye mawe. Buti za kawaida hazishiki. Bila vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti na shoka la barafu, na bila kujua kuvitumia, safari yako inaishia kwenye hizo mita 50 hata kama kilomita zote zilizobaki ni kavu. Ndo maana nikipanga njia napitisha kidole juu ya ramani kona kwa kona na kila inapogeukia kivulini naweka alama, alama zikizidi natafuta njia nyingine.

Ramani hiyohiyo inakusaidia na maporomoko ya theluji. Mengi ya yale yanayoanza kama bamba zima la theluji huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 mpaka 45. Kwenye ramani ya skeli 1:25,000 yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu za mwinuko mmoja) kila mita 20, mistari hiyo ikikaribiana chini ya milimita 1.4 ujue mteremko umeshapita nyuzi 30, kwa hiyo beba rula. Na tafadhali sana usiangalie pale unapokanyaga peke yake, angalia juu yako. Njia inaweza kuwa tambarare kabisa bondeni huku kichwani kwako kuna uwanja mzima wa theluji unaosubiri jua la mchana, na ikishuka haiulizi nani alikuwa anapita.

Nchi nyingi zenye milima ya theluji zinatoa taarifa ya hatari kwa ngazi 1 mpaka 5. Isome yote, hasa maelezo yanayosema hatari iko mwinuko gani na ubavu upi, namba peke yake haitoshi. Ngazi ya 3 watu wanaiona ya katikati kwa hiyo wanaichukulia ya kawaida, wakati vifo vingi vinatokea humohumo. Kitu cha pili cha majira haya ni kwamba hatari inabadilika ndani ya siku moja. Usiku ukiwa mweupe, nyota zinaonekana, theluji inatoa joto lake na kuganda, asubuhi inakuwa imara, alafu jua likipiga inalowa na kulegea. Usiku ukiwa na mawingu haigandi vizuri na hatari inakukuta tangu alfajiri. Kwa hiyo mimi utabiri wa usiku nausoma kwa makini kuliko wa mchana. Ukiona buti inazama mpaka gotini au vimipira vya theluji vinajiviringisha vyenyewe mteremkoni, ondoka hapo, shuka kwa njia salama.

Maji nayo yana ratiba yake. Theluji inayeyuka mchana, kijito kinajaa alasiri mpaka jioni, na kile ulichovuka saa mbili asubuhi kwa kuruka mawe kinaweza kukukatalia saa kumi jioni ukiwa unarudi. Njia isiyo na daraja na inayorudi palepale naiacha mpaka kiangazi, wala sibishani na mtu kuhusu hilo.

Sasa twende wapi? Milima mifupi. Naipenda mno na inaniuma watu wanavyoidharau kwa sababu namba yake ni ndogo. Misitu ambayo miti yake bado haijatoa majani, mwanga unafika mpaka chini na maua yanachanua haraka kabla kivuli hakijarudi, mandhari unayaona kati ya matawi ambayo mwezi wa saba yamefungwa kabisa. Migongo ya milima midogo juu ya maziwa. Visiwa pia: Mallorca ya Hispania, au La Gomera kwenye Visiwa vya Kanari ambako kilele cha Garajonay ni mita 1,487 tu, au Madeira ya Ureno ambako kilele cha Pico Ruivo ni mita 1,862. Lakini usikariri kwamba kisiwa cha joto maana yake hakuna baridi, mlima Teide pale Tenerife, hukohuko Kanari, ni mita 3,715 na mwezi wa tatu inaweza kuwa na theluji na barafu. Na ukitaka korongo uliza kwanza kama liko wazi, mfano Samaria kule Krete, kisiwa cha Ugiriki, hufungwa miezi ya baridi na kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Mei.

Kuna suala la tope pia. Ardhi inayoyeyuka ni laini na buti zinaikata, watu wakikwepa dimbwi kwa pembeni njia inapanuka mwaka hadi mwaka na mimea ya kando inakufa. Pita katikati, buti utaosha. Kuna sehemu kama Vermont, Marekani, wapandaji wanaombwa waziache njia za juu mpaka mwishoni mwa Mei ili udongo ukauke, na ombi kama hilo liheshimu hata kama umeshasafiri mbali.

Kabla hujatoka hakikisha barabara ya kufika mwanzo wa njia imeshafunguliwa, na vibanda vya wapandaji vingi bado vimefungwa kwa hiyo maji, chakula na joto ni vya kubeba. Miwani ya jua na losheni siyo urembo, theluji mpya inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi ya UV, na mionzi yenyewe inaongezeka kama asilimia 10 kila mita 1,000. Mwachie mtu ramani yako na saa ya kurudi.

Kama unapanga ya wikiendi hii, niandikie hapo chini mwinuko wa juu kabisa wa njia yako, inatazama upande gani na usiku wa kuamkia safari utabiri unasemaje, tuiangalie pamoja.