Mchoro wa "Kuzaliwa kwa Venus" unaonyesha nini hasa?

Wengi huamini kwamba mchoro huu wa Florence, Italia, wa miaka ya 1480, unamwonyesha Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akizaliwa ndani ya kombe la bahari. Ni rahisi kuamini hivyo, maana jina lenyewe ndilo linalosema. Ila jina hilo lilizoeleka karne ya 19.

Katika ngano za Wagiriki, ambao walimwita Aphrodite, mungu huyu alitokana na povu la bahari, baada ya viungo vya uzazi vya Uranus, mungu wa anga, kukatwa na kutupwa majini. Kombe lilimbeba tu. Tunachokiona ni anavyowasili pwani, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya Kupro.

Tazama mwenyewe. Kushoto, Zephyrus, mungu wa upepo wa magharibi, amejaza mashavu akipuliza. Waridi zinapeperuka, nywele za Venus zimevutwa kulia. Huko kulia, mwanamke aliye nchi kavu anamnyoshea joho la maua, tayari kumfunika.

Tatizo kubwa ni nakala zilizokatwa: humbakiza Venus na kombe, upepo na ufuko vikapotea, na hadithi ikapotea navyo. Turubai kamili ina takriban sentimita 172 kwa 278, yaani upana ni kama mara 1.6 ya kimo. Nakala ya mraba imekatwa, tafuta nyingine.