Seli ya kitabuni na seli ya kweli: dhana potofu kuhusu seli na hadubini

Mwombe mtu aliyesoma biolojia shuleni akuchoree seli. Atachora mduara, ataweka nukta katikati, kisha atapanga pembeni vidude viwili vitatu vya umbo la duaradufu na kukuambia hizo ni mitokondria, yaani sehemu zinazoipa seli nishati. Mchoro huo unasaidia kufundishia, lakini umewaachia wengi picha ya seli ambayo haipo katika kiumbe chochote. Kwa maoni yangu, dhana nyingi potofu kuhusu seli zina mzizi mmoja: tunaitazama picha bila kuuliza ilipatikanaje, kwa chombo gani, na chombo hicho hushindwa kuona nini.

Dhana: Hadubini inayokuza zaidi ndiyo bora zaidi

Kukuza ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kutenganisha, yaani kuvionyesha vitu viwili vilivyokaribiana kuwa ni viwili kweli, visionekane doa moja. Uwezo huo huitwa upambanuzi, na mwaka 1873 mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba una mpaka. Mwanga ni mawimbi. Lenzi hata isuguliwe kwa ustadi gani, haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga unaotumika. Kwa mwanga tunaouona kwa macho, mpaka huo uko kwenye nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita).

Sasa vipime vilivyomo ndani ya seli. Kiini cha seli ya mnyama, ile nukta ya katikati ya mchoro, kina upana wa maelfu ya nanomita, hivyo huonekana bila taabu. Mitokondria, yenye upana wa nanomita 500 au zaidi kidogo, huonekana kama nukta au uzi, lakini mikunjo iliyo ndani yake haionekani. Ribosomu, chembe inayotengeneza protini ndani ya seli, ina nanomita 20 hadi 30. Utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka, una unene wa nanomita 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba ameona ribosomu kwa hadubini ya darasani ameona kitu kingine, na anayedhani ameuona utando wenyewe ameona ukingo, mahali seli inapoishia.

Hadubini ya mwanga iliyotengenezwa vizuri hufika ukuzaji wa mara 1000, na hapo tayari inahitaji tone la mafuta maalumu kati ya lenzi na slaidi, kwa sababu mafuta hayo huupinda mwanga karibu sawa na kioo, tofauti na hewa. Ukipita mara 1500 hivi hupati kitu kipya. Ni kama kuivuta picha ya simu iliyopigwa kwa ukungu: inakuwa kubwa, na ukungu nao unakuwa mkubwa. Ndiyo maana hadubini ya mwanga inayonadiwa kwa tarakimu kubwa za ukuzaji peke yake isikushawishi. Uliza ubora wa lenzi.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Katika miaka ya 1670, Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, aliwaona viumbe vya seli moja, wakiwemo bakteria, kwa kifaa chenye lenzi moja ndogo aliyoitengeneza mwenyewe. Mojawapo ya vifaa vyake vilivyosalia hadi leo hukuza mara 270 hivi tu. Hadubini za lenzi nyingi za enzi zake zilikuwa na picha yenye dosari, na lenzi yake moja safi ilizishinda.

Mpaka wa Abbe baadaye ulipatiwa njia ya kuuzunguka. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014 kwa mbinu zinazotumia molekuli zinazong'aa, ambazo huwashwa chache chache, au huzimwa zote isipokuwa za sehemu ndogo mno, ili mahali pa kila moja pajulikane. Mwanga wenyewe haukubadilika tabia.

Dhana: Hadubini ya elektroni huonyesha seli ilivyo hai, tena kwa rangi

Hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na Max Knoll na Ernst Ruska huko Berlin mwaka 1931. Mawimbi ya elektroni ni mafupi mno kuliko ya mwanga, ndiyo maana chombo hiki hupambanua hata ribosomu. Lakini gharama yake hulipwa na seli. Kwa njia ya kawaida, seli huuawa kwa kemikali, hukaushwa maji, hufungwa ndani ya utomvu mgumu, kisha hukatwa vipande vyembamba visivyofika nanomita 100 na kutiwa metali nzito kama risasi na urani. Mwisho huwekwa ndani ya ombwe, mahali palipoondolewa hewa. Hakuna seli inayotoka humo ikiwa hai.

Rangi nazo huongezwa baadaye kwa kompyuta. Picha ya elektroni hutoka nyeusi na nyeupe. Ukiona mitokondria ya rangi ya machungwa kwenye bango, rangi hiyo ni chaguo la mchoraji.

Kwa sababu hiyo hadubini ya mwanga haijapitwa na wakati hata kidogo. Ukitaka kuona seli ikigawanyika au ikitambaa, utairudia. Frits Zernike alipata Nobel ya fizikia mwaka 1953 kwa mbinu inayofanya seli, ambayo kwa kawaida hupitisha mwanga, ionekane waziwazi bila kutiwa rangi wala kuuawa.

Dhana: Kinachoonekana ndicho kilichopo

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Mwaka 1898 Mwitaliano Camillo Golgi alieleza mtandao fulani aliouona ndani ya seli za neva baada ya kuzitia rangi. Kwa miaka kama 50 wanasayansi walibishana: je, ni sehemu ya seli, au ni uchafu ulioletwa na dawa ya kutia rangi? Shaka hiyo ilikuwa halali kabisa, kwa sababu dawa hizo huweza kuzua maumbo ambayo hayakuwemo. Ubishi uliisha katika miaka ya 1950, hadubini ya elektroni ilipoonyesha tabaka za vifuko vilivyobanana, ambavyo leo vina jina la Golgi.

Mitokondria nayo ilipotoshwa na namna ya kuiangalia. Kipande chembamba cha seli huonyesha duaradufu zilizotengana. Ndani ya seli hai, nyingi ni nyuzi ndefu zinazoungana, kukatika na kuungana tena.

Mengine ya haraka

Robert Hooke hakuona seli hai katika koki (gome jepesi la mti litengenezwalo vizibo vya chupa) aliyoieleza mwaka 1665. Aliona kuta za seli zilizokwisha kufa.

Mimea haina kloroplasti, zile sehemu za kijani zinazonasa mwanga wa jua, badala ya mitokondria; ina zote mbili. Seli za mizizi zilizo gizani ardhini hazina kloroplasti, na hutegemea mitokondria kupata nishati. Wala usitafute ukijani kwenye ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu inayotumiwa katika majaribio, kwani haumo.

Si kila seli ina kiini. Seli nyekundu za damu ya binadamu zilizokomaa hazina, na hazina mitokondria pia. DNA, kemikali inayobeba urithi, nayo haimo kwenye kiini peke yake, maana mitokondria ya binadamu ina jeni zake 37.

Na si kila seli ni ndogo kiasi cha kuhitaji hadubini. Yai la mwanamke lina upana wa karibu milimita 0.1, na jicho kali huweza kuliona kama nukta. Mwaka 2022 ilitangazwa bakteria iitwayo Thiomargarita magnifica, iliyopatikana kwenye majani ya mikoko yaliyooza majini huko Guadeloupe, yenye urefu wa sentimita 1 hivi. Inaonekana kwa macho kama uzi mweupe. Hata hivyo, ilibidi hadubini za aina kadhaa zitumike kuthibitisha kwamba uzi wote huo ni seli moja.