Kit Mikayi si pazia la nyuma

"Chukueni ngoma yenu ya ukumbini, mkaicheze nje, basi." Hivyo ndivyo wengi hapa Kisumu wanavyoielewa dansi ya mahali wazi. Sivyo. Dansi ya aina hii hutungwa palepale inapochezwa, ukiihamisha, imekufa.

Tazama Kit Mikayi, majabali yaliyopandana kule Seme, nje ya mji wa Kisumu. Kwa Kijaluo jina hilo ni jiwe la mke wa kwanza. Saa nane mchana mwamba umeshika moto: mchezaji aliye peku hafikishi hatua nne kabla ya kuanza kurukaruka, tena si kwa madaha. Kwenye mteremko goti hukunjwa kabla mguu haujatua, kwa hiyo mruko uliozoea sakafu ya mbao hauna kazi. Alasiri upepo wa ziwa huvuma na kumeza sauti ya spika. Afadhali ngoma, au pumzi za wachezaji wenyewe. Watazamaji nao, wakishapenya kwenye mwanya wa mawe, tayari wamo mchezoni.

Halafu watu husali pale. Kabla ya hatua yoyote, mtunzi huwauliza wenyeji wapi hapakanyagwi, kisha hutunga akipaepuka.