Namba za Mtera, na mengine tunayoyaamini bure kuhusu vipimo vya mito na mvua

Aliyesikiliza taarifa ya habari redioni nyakati za mgawo wa umeme Tanzania, miaka ya 1990, hawezi kuzisahau namba za Mtera, bwawa la umeme kwenye mto Ruaha Mkuu. Leo maji yako mita mia sita na tisini na kadhaa, kesho yameshuka kidogo, na mgawo unaendelea. Wapo waliodhani hicho ndicho kina cha bwawa, kwamba ukitumbukiza kamba yenye jiwe itashuka mita 690 kabla ya kugusa tope. Kumbe ni kimo cha uso wa maji kutoka usawa wa bahari. Mtera likijaa husoma mita 698.5, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Akiba kubwa ya maji iliyotegemewa na mitambo ya Mtera, na ya Kidatu iliyo chini zaidi kwenye mto huohuo, ilikuwa ndani ya hizo mita nane na nusu. Bwawa lile ni pana sana lakini si la kina kirefu, ndiyo maana hata sentimita zake zilitangazwa.

Ziwa Victoria nalo lina mkanganyiko huohuo. Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kikaipita kwa unywele rekodi ya 1964. Ziwa lenyewe, penye kina kikubwa kabisa, lina kama mita 80. Ile 13.42 inahesabiwa kutoka alama ya sifuri ambayo aliyeiweka angeweza kuiweka juu zaidi au chini zaidi, ziwa lisijali. Kumbukumbu za kimo cha ziwa hilo zinaanzia 1896, na zina maana kwa sababu tu inajulikana sifuri ilikuwa wapi.

"Geji imepanda, basi maji ni mengi"

Geji ni lile bao lenye alama za sentimita lililosimikwa ukingoni mwa mto au kwenye nguzo ya daraja. Haipimi maji yanayopita. Inapima kimo, basi. Kujua ni mita ngapi za ujazo zinapita kwa sekunde ni kazi nyingine kabisa, na ni kazi ya kulowa.

Wapimaji huvuta kamba yenye alama kutoka ukingo hadi ukingo, kisha huugawa upana wa mto katika vipande, mara nyingi ishirini au zaidi, ili kipande kimoja kisibebe zaidi ya sehemu ya kumi ya maji yote. Katika kila kipande hupima kina na kasi. Kasi hupimwa kwa mtambo wenye panga dogo linalozungushwa na maji. Mizunguko huhesabiwa kwa muda maalumu. Penye maji ya kina kifupi panga hushushwa hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, kwa sababu hapo ndipo kasi hukaribia wastani wa safu nzima. Penye kina kirefu hupimwa mara mbili, asilimia 20 na asilimia 80, kisha hutafutwa wastani. Eneo mara kasi, kipande kwa kipande, jumlisha. Siku hizi kuna vyombo vya mawimbi ya sauti vinavyoelea kwenye kiboya na kufanya yote haya kwa kuvuka mto tu, lakini hesabu ni ileile.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa kila siku. Kwa hiyo hufanywa mara chache kwa mwaka, mto ukiwa chini, ukiwa wa kati na, Mungu akijalia, ukiwa umejaa. Kila mara husomwa geji. Jozi hizo za kimo na mtiririko huchorwa, mstari uliopinda hupitishwa katikati yake, na kuanzia hapo mkazi wa kijijini anayesoma geji asubuhi na jioni anatupatia kimo. Mchoro unatupatia maji.

Tatizo ni kwamba mchoro ule unaamini sakafu ya mto haijabadilika. Mito yetu mingi ina sakafu ya mchanga. Furiko moja linakwangua nusu mita mahali pamoja na kuirundika mahali pengine, na mita mbili za mwaka huu si mita mbili za mwaka jana. Geji inaweza kusoma juu zaidi huku maji yanayopita yakiwa machache, kwa sababu mchanga umejaa chini yake. Mti ukilala mtoni mita mia moja chini ya kituo, maji hurudi nyuma na geji hupanda bila tone kuongezeka.

Na juu ya mchoro, kule kwenye mafuriko makubwa, mara nyingi hakuna jozi hata moja. Nani aingie mtoni siku hiyo? Mstari umevutwa kwa kukisia kuendelea ulikokuwa ukielekea. Ukisoma kwenye ripoti kwamba kilele cha furiko fulani kilikuwa mita za ujazo elfu kadhaa, na desimali mbili nyuma yake, zicheke desimali hizo. Unaweza pia kukuta kilele chenyewe hakikusomwa. Mto kama Msimbazi wa Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa saa chache. Ukipanda usiku wa manane, msomaji wa saa kumi na mbili asubuhi atakuta matope tu yamepaka miti.

"Kurusha kijiti mtoni hakufai kitu"

Kunafaa. Kijiti au chungwa likielea mita 20 na saa ya mkononi ikihesabu sekunde, umepata kasi ya juu ya maji. Kosa ni kuichukua kama kasi ya mto mzima. Juu maji huenda mbio kuliko chini yanakosuguana na sakafu, kwa hiyo huzidishwa kwa takriban 0.85. Kwenye furiko ambalo hakuna wa kuingiza chombo, kijiti na vipimo vya upana na kina vilivyochukuliwa kiangazi ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

"Huku hakujanyesha, mto hauwezi kuja"

Waliojenga Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, wanajua gharama ya imani hii. Mto hausikilizi mvua ya mahali ulipo. Unasikiliza mvua ya dakio lake lote, yaani eneo zima linaloumiminia maji, na Msimbazi unaanzia vilima vya Kisarawe na Pugu. Kosa hili lina pacha wake: kudhani kwamba eneo kubwa linaleta maji mengi. Bonde la Rufiji linakataa kabisa. Ruaha Mkuu unachukua karibu nusu ya eneo la bonde lote, asilimia 47 hivi, lakini unachangia kama asilimia 15 tu ya maji. Kilombero, wenye eneo lisilofika robo, unaleta takriban asilimia 62. Udzungwa na nyanda za juu zinazolizunguka bonde la Kilombero hupata mvua nyingi. Sehemu kubwa ya dakio la Ruaha Mkuu ni nchi kavu, na hata mvua inayonyesha huko nyingi yake hurudi angani kabla haijauona mto.

Ndiyo maana kipimo kimoja cha mvua mjini hakisemi lolote kuhusu mto unaopita mjini hapo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linashauri angalau kipimo kimoja kwa kila kilomita za mraba 250 milimani, na 575 kwenye tambarare za bara. Hata tukijifanya bonde la Rufiji lote ni tambarare, lingehitaji vipimo zaidi ya 300. Na milimani, ambako ndiko mvua iliko, ndiko kusikofikika.

"Ndoo ni ndoo, yoyote itapima mvua"

Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya mita moja ya mraba. Kwa hiyo, kinadharia, kipimo chenye mdomo mpana na chenye mdomo mwembamba vitatoa jibu moja, kwani kinachosomwa ni kimo cha maji, si wingi wake. Wanaobisha hapa huwa wanakosea. Lakini kuna mtego. Kopo la kioo la kusomea limetengenezwa kwa ajili ya mdomo wake. Vipimo vya inchi 5 na vya inchi 8 vyote vinatumika duniani. Kioo cha inchi 5 kikivunjika na kioo cha inchi 8 kikaazimwa, mvua ya milimita 50 itaandikwa chini ya 20. Ukifanya kinyume, utazidisha mara mbili na nusu. Hakuna atakayeshtuka, kwa sababu tofauti hiyo inafanana na mwaka mbaya au mwaka mzuri.

Mahali pa kukiweka pia pana neno. Chini ya mwembe kinakusanya kilichobaki baada ya majani kunywa. Juu ya paa upepo unapeperusha matone yakapita pembeni. Kanuni ya kawaida ni kukaa mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wake: mti wa mita 10, ondoka mita 20.

Halafu saa. Huku kwetu kipimo husomwa saa tatu asubuhi, na kilichomo ni cha saa 24 zilizopita. Mvua ya Jumatatu jioni husomwa Jumanne. Msomaji mmoja akiiandika Jumanne na mwenzake wa kituo cha mtoni akawa ameandika furiko lake Jumatatu ileile, utaletewa daftari ambamo furiko limetangulia mvua, au mvua imeukuta mto umeshashuka.

"Mto umekauka kwa sababu mvua zimepungua"

Wakati mwingine ni kweli. Mfano unaotajwa kuliko yote Tanzania, Ruaha Mkuu, si mmoja wao, na tunajua hivyo kwa sababu watu walikuwa wakisoma geji.

Kituo cha Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kina kumbukumbu tangu miaka ya 1960. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto ulipungua kiangazi lakini haukukatika. Kuanzia 1993 ulianza kukauka kabisa kwa wiki kadhaa, na ikawa hivyo mwaka hadi mwaka, viboko wakirundikana kwenye madimbwi. Takwimu za mvua za eneo la juu zilipowekwa kando ya zile za mto, mvua haikuonyesha anguko la kufanana. Kilichobadilika ni maji yanayochepushwa kiangazi kwenda kwenye mifereji ya umwagiliaji ya Usangu, juu ya hifadhi, kabla hayajafika ardhioevu ya Ihefu.

Ihefu ina hesabu yake ngumu. Maji yake hutokea Ng'iriama, palipo na kizingiti cha mwamba. Uso wa maji ukishuka chini ya mwamba huo, mto unakatika hata kama nyuma yake kuna maji. Na ardhioevu yenyewe inavukiza sana: watafiti walikadiria kwamba ili itoke hata chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde wakati wa kiangazi, lazima ziingie karibu 7.

Hapo wengi waliruka kwenye hitimisho la pili: kwamba wafugaji na wakulima wa Usangu ndio waliozima taa za Dar es Salaam. Wafugaji waliondolewa Ihefu 2006 katikati ya hoja za namna hiyo. Lakini Mtera hujazwa na maji ya masika. Mtiririko wa kiangazi, hata ungerudi wote, ni kijisehemu kidogo cha ujazo wa bwawa. Uchambuzi wa baadaye wa kumbukumbu za mabwawa ulionyesha pia kwamba uendeshaji ulichangia mgawo wa miaka ya 1990, maji yakiachiwa kutoka Mtera wakati Kidatu hapakuwa na haja nayo. Kukauka kwa mto hifadhini na kukatika kwa umeme ni mashitaka mawili, na ushahidi wake ni tofauti.

"Siku hizi kuna satelaiti"

Zipo, na zinasaidia. Ila zilizo nyingi hazioni mvua; zinaona joto la kilele cha wingu, na kutoka hapo hukisia. Wingu refu lenye kilele cha baridi linahesabiwa lina mvua. Mvua ya milimani itokayo kwenye mawingu mafupi yanayopandishwa na mteremko huwa inazipiga chenga. Takwimu maarufu za mvua za CHIRPS, zinazoanzia 1981, huchanganya picha hizo na vipimo vya ardhini ili kusahihisha. Vituo vikifungwa, usahihishaji nao unadhoofika, ingawa ramani itaendelea kutoka na rangi zake nzuri.

"Nafasi wazi kwenye daftari ni sifuri"

Dhana hii haisemwi, inatendwa, na pengine imeharibu takwimu kuliko nyingine zote. Sifuri maana yake nilikwenda, nikaangalia, hakukuwa na mvua. Nafasi wazi maana yake sikwenda: nilikuwa msibani, posho haijaja, geji imesombwa. Karani anayeingiza namba kwenye kompyuta akijaza sifuri kila penye wazi, bonde zima linapata ukame ambao haukutokea. Kuna pia msomaji anayekaa nyumbani na kujaza kwa kukumbuka. Huyo hukamatika: namba zake hupenda kuishia na sifuri au tano, na jumla yake ikichorwa mwaka hadi mwaka dhidi ya ile ya vituo vya jirani, mstari uliokuwa umenyooka unavunjika tangu siku aliyoacha kwenda.

Kwenye Kilombero pengo si la siku. Kumbukumbu nzuri za kituo cha Swero zinaanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuishia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtafiti wa leo anayeunda modeli ya mto unaoipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, pamoja na Bwawa la Julius Nyerere lililo chini yake, bado hulazimika kuisahihisha kwa vimo vilivyoandikwa kwa kalamu kabla hajazaliwa.