Atomu: kisichokatika kilichokuja kukatika

Jina lenyewe lina kasoro. Atomu limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kisichokatika", na wazo hilo hunasibishwa zaidi na Democritus, aliyeishi miaka ipatayo 400 kabla ya Kristo. Yeye alijiuliza: ukipasua jiwe, kisha ukapasua kila kipande, utafika mahali ambapo hakuna tena cha kupasua? Akajibu kwamba utafika. Hakupima chochote, alifikiri tu, kwa hiyo tusikae kwake sana.

Leo tukisema atomu tunamaanisha sehemu ndogo kabisa ya elementi ambayo bado ni elementi hiyo. Gawa dhahabu mpaka ubaki na atomu moja, bado unayo dhahabu. Ipasue atomu hiyo, na dhahabu imekwisha: zimebaki protoni, nyutroni na elektroni, ambazo ni zilezile utakazozikuta kwenye chuma au kwenye oksijeni. Kinachotofautisha ni hesabu tu. Protoni 79 ni dhahabu, ukiongeza moja zikawa 80, hiyo ni zebaki. Protoni zina chaji chanya, nyutroni hazina chaji, na zote mbili zimefungamana katikati, kwenye kiini. Elektroni, zenye chaji hasi, ziko nje ya kiini.

Hayo mwanafunzi huyakariri kwa dakika kumi. Yanayosahaulika ni kwamba hakuna aliyefungua atomu akachungulia ndani. Tulicho nacho ni modeli, yaani picha ya kitu kisichoonekana, inayokubalika mpaka litokee jaribio la kuikataa. Picha ya atomu imekataliwa mara kadhaa, na kila ilipokataliwa tulijifunza zaidi.

John Dalton, mwalimu aliyeishi Manchester, ndiye aliyeitoa atomu kwenye falsafa akaiweka kwenye mizani. Mwaka 1808 alichapisha hoja zake: kila elementi ina atomu zake zenye uzito wake, na elementi huungana kwa uwiano wa namba kamili. Kaboni ileile ikiungana na oksijeni kwa njia mbili, njia ya pili huchukua oksijeni maradufu kamili, si mara moja na robo. Hilo lina maana iwapo tu oksijeni huja kwa punje. Atomu ya Dalton ilikuwa kama gololi, ngumu na isiyo na kitu ndani. (Maji aliyakosea. Alidhani yana haidrojeni moja tu kwa kila oksijeni.)

Gololi ilipasuka mwaka 1897. J. J. Thomson, pale Cambridge, alikuwa akichunguza miali inayopita ndani ya bomba la kioo lililoondolewa hewa. Aliipindisha miali hiyo kwa sumaku na kwa umeme, akatambua kwamba ni mkondo wa chembe zenye chaji hasi, nyepesi mno kuliko atomu yoyote. Leo tunajua elektroni moja ina uzito wa karibu sehemu 1 kati ya 1,836 ya protoni. Basi kumbe atomu ina vitu ndani yake! Thomson akaichora kama donge la chaji chanya lililopachikwa elektroni humo ndani. Waingereza waliifananisha na pudini yao. Sisi tufikirie mkate wa sinia wenye zabibu kavu.

Mkate huo haukudumu. Mwaka 1909, katika maabara ya Ernest Rutherford huko Manchester, Hans Geiger na kijana wa miaka 20, Ernest Marsden, walikuwa wakirusha chembe za alfa, yaani chembe nzito zenye chaji chanya zitokazo kwenye vitu vyenye unururifu, kwenye mabamba ya metali. Kazi yao ilikuwa ya kuchosha: kukaa gizani na kuhesabu kwa hadubini vimwemweso kwenye kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki, kila kimoja kikiwa alama ya chembe iliyokigonga. Kama atomu ni mkate laini, chembe za alfa, zenye kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, zilipaswa kupenya na kupinda kidogo tu. Nyingi zilifanya hivyo. Lakini chache ziligeuka zikarudi zilikotoka. Kwenye platini walikadiria 1 kati ya 8,000. Rutherford alisema baadaye kwamba ni kama kufyatulia karatasi laini kombora la mzinga, kisha kombora likurudie mwenyewe.

Ilimchukua mpaka 1911 kutoa jibu. Ili kitu kizito na chenye kasi hivyo kirudi nyuma, lazima kigonge chaji chanya yote ikiwa imebanwa mahali padogo sana, pamoja na karibu uzito wote wa atomu. Hicho ndicho kiini. Padogo kiasi gani? Weka punje ya mtama katikati ya uwanja wa mpira, iwe ndiyo kiini cha dhahabu. Ukingo wa atomu utafika karibu na alama ya penalti. Pote hapo katikati hamna kitu zaidi ya elektroni.

Picha ya Rutherford ilikuwa na ugonjwa wake. Kwa fizikia ya wakati ule, elektroni inayozunguka lazima itoe mwanga, ipungukiwe na nguvu na kuangukia kiini mara moja. Ingekuwa hivyo, kusingekuwa na meza wala wa kuiegemea. Niels Bohr, Mdenmaki, alijibu mwaka 1913 kwa ujasiri: elektroni hukaa kwenye ngazi maalumu tu, yaani duara zenye viwango maalumu vya nguvu, na hutoa mwanga pale tu inaposhuka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ushahidi wa jambo hili uko jikoni kwako. Chumvi ikidondokea moto wa gesi, mwali hugeuka njano, na kila mara ni njano ileile, kwa kuwa umbali kati ya ngazi za elektroni za sodiamu haubadiliki. Hesabu za Bohr zilipatana vizuri na rangi za haidrojeni. Kwa heliamu, yenye elektroni mbili tu, zilishindwa.

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaleta mlinganyo uliofuta duara za Bohr. Elektroni haina njia ya kufuatwa kwa kidole. Kuna maeneo tu ambako uwezekano wa kuikuta ni mkubwa au mdogo, mfano wa wingu zito hapa na jepesi kule. Nyutroni ndiyo iliyochelewa kuliko zote. James Chadwick aliigundua mwaka 1932, ikaeleza kwa nini heliamu ina protoni 2 lakini uzito wa karibu protoni 4: nyutroni 2 ndizo zinazojaza.

Hata hivyo shuleni bado tunaandika sodiamu 2:8:1, yaani elektroni 2 kwenye duara la ndani, 8 kwenye la pili na 1 kwenye la nje, na kuchora duara, na mimi sioni ubaya, maana kwa kueleza kwa nini sodiamu huitoa elektroni moja kwa urahisi, duara zinatosha. Ubaya ni kumwachia mwanafunzi aamini kwamba ndivyo atomu ilivyo. Tazama nembo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoanzishwa 1957, miaka zaidi ya 30 baada ya mlinganyo wa Schrödinger: kiini katikati, na elektroni kwenye njia zake safi kabisa. Wingu ni gumu kuchora kwenye bendera.