Chokaa ya Hekalu la Puri

Zamani, mabaharia wa Ghuba ya Bengal walikuwa na alama mbili kwenye pwani ya Odisha, jimbo la mashariki mwa India: mnara mweusi wa Konark na mnara mweupe wa Puri. Weupe ule ulikuwa chokaa. Kazi yangu ni majengo ya kale ya mawe, na katika hekalu hilo la Puri, la mungu wa Kihindu Jagannath, hakuna kinachonivuta kama habari ya chokaa hiyo.

Ujenzi wa hekalu ulianza karne ya 12, chini ya mfalme Anantavarman Chodaganga. Mnara mkuu una urefu wa takriban mita 65, na haukujengwa kwa tao. Mafundi walipanga mawe safu juu ya safu, kila safu ikichomoza ndani kidogo kuliko ya chini yake, hadi kuta zikakaribiana huko juu. Kinachoushikilia ni uzito wake wenyewe, pamoja na vibanio vya chuma.

Sasa tazama tatizo. Jiwe la huko, khondalaiti, huchongeka kwa urahisi, lakini huliwa upesi na upepo wa chumvi. Chuma nacho kikishika kutu huvimba, kikapasua jiwe. Kwa hiyo vizazi kwa vizazi walipaka chokaa, tabaka juu ya tabaka, hata nakshi zikapotea kabisa.

Mwaka 1975 Idara ya Akiolojia ya India ilianza kuibandua. Zikajitokeza sanamu ambazo hakuna aliye hai aliyewahi kuziona. Wapo wanaosema chokaa ilikuwa kinga, isingeguswa. Nawaelewa, ila siafikiani nao: ufa usioonekana hautibiki. Mwaka 1990 jiwe kubwa lilidondoka kutoka sehemu ya juu ya mnara.

Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia hekaluni, hivyo wengi wetu tunalisoma kwa michoro na kutoka nje ya Lango la Simba. Humo ndani, Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra si wa mawe. Wamechongwa kwa mti wa mwarobaini. Mwezi wa Ashadha wa kalenda ya Kihindu unapojirudia ndani ya mwaka mmoja, jambo linaloweza kuchukua hata miaka 19, huchongwa wapya, na wa zamani huzikwa usiku ndani ya ua wa hekalu. Ilikuwa hivyo mwaka 1996, kisha 2015.