Mwisho wa msaada: maana yake kwa kompyuta ya Windows 10, na njia zilizobaki

Tangu Oktoba 2025 wenye kompyuta za Windows 10 wamekuwa wakikutana na tangazo linalojaza kioo kizima, likisema mfumo wao umefikia mwisho wa msaada. Wapo waliodhani kompyuta itazimika, wengine wakadhani leseni imekwisha, na wapo waliokimbilia dukani kununua mashine nyingine. Kompyuta haizimiki na leseni haiishi. Kilichokoma ni kitu kimoja: viraka.

Kila mfumo endeshi una makosa ambayo hugunduliwa ukiwa tayari mikononi mwa watu. Baadhi ya makosa hayo ni matundu ya usalama, yaani mtu wa mbali anaweza kupenya na kuendesha kompyuta yako, kusoma faili zako au kuzifunga kwa nywila na kukudai fedha. Mtengenezaji akijua tundu lilipo, hutoa kipande cha programu cha kuliziba. Hicho ndicho kiraka. Microsoft hutoa viraka vya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi. Windows 10, iliyotoka tarehe 29 Julai 2015, ilipata viraka vyake vya kawaida vya mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo, kwa asiyejiandikisha kwenye mpango wa viraka vya ziada utakaoelezwa chini, tundu jipya likigunduliwa linabaki wazi.

Siku ya kwanza baada ya mwisho wa msaada kompyuta yako si dhaifu kuliko ilivyokuwa jana yake. Hatari huongezeka mwezi hadi mwezi, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Windows 10 na Windows 11 zimejengwa kwa sehemu kubwa ya msimbo uleule. Kiraka cha Windows 11 kinapotoka, mhalifu hulinganisha faili la kabla na la baada ya kiraka, akaona ni mistari ipi imebadilishwa, akajua tundu lilipo. Kisha anakwenda kulitafuta kwenye Windows 10, ambako hakuna aliyeliziba. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kilichovuruga hospitali za Uingereza, kilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka miezi 2 kabla. Kompyuta nyingi zilizoangushwa zilikuwa na Windows 7, iliyokuwa bado na msaada. Kiraka kilikuwepo, ila hakikuwekwa. Sasa fikiria mfumo ambao kiraka chake hakikufikii kabisa.

Programu nyingine nazo huondoka taratibu. Windows 7 ilikosa msaada Januari 2020, na Chrome ikaendelea kuihudumia kwa miaka 3 kabla ya kuiacha mwanzoni mwa 2023. Kwa Windows 10, antivirasi ya Defender itaendelea kupewa orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Hilo ni jambo jema, lakini antivirasi ni mlinzi wa getini, na kazi ya kuziba ukuta uliobomoka si yake.

Kwa nini watu wana hasira

Hasira hii ina msingi. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi (au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, uwashaji wa UEFI (programu ya kisasa inayoiamsha kompyuta) wenye Secure Boot (ukaguzi kwamba mfumo unaowashwa ni halali), na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. RAM na diski si tatizo. Tatizo ni hicho kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta mpakato zilizotumika Ulaya na kuletwa kwetu, zile zinazoitwa Ex-UK madukani Nairobi, nyingi ni za kizazi cha 6 na cha 7: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T460. Ni mashine imara, zina kibodi nzuri, vipuri vyake vinapatikana, na zikiwa na RAM ya GB 8 zinafanya kazi zote za shule na ofisi bila kulalamika. Zimekataliwa kwa kanuni, ilhali nguvu zinazo.

Kujua yako iko upande gani, soma jina la prosesa. Namba inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Ukienda kununua, usikubali jibu la "ni Core i5" peke yake, maana i5 ya kizazi cha 4 na i5 ya kizazi cha 12 zote ni i5.

Malalamiko mengine ni ya kila siku. Windows 11 ya nyumbani inapowekwa upya inakudai intaneti na akaunti ya Microsoft kabla hujaona hata eneokazi (desktop). Masasisho yanashuka yenyewe na kumaliza bando la mtu anayetumia intaneti ya simu. Hili la bando lina dawa, na wengi hawaijui: fungua Settings, ingia Network & Internet, chagua Wi-Fi unayotumia, bonyeza Properties, kisha washa Metered connection. Hapo Windows itajua kwamba intaneti hiyo ni ya kulipia kwa kipimo, na itaacha kupakua masasisho mengi mpaka uiruhusu. Usisahau tu kuyaruhusu pale unapopata Wi-Fi ya bure.

Kabla ya kulaumu mfumo, tazama diski

Watu wengi wanaosema Windows imewachosha kwa uzito wanatumia diski ya kuzunguka, ile HDD. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua sehemu ya Performance, bofya Disk 0. Ikiandika HDD na mstari wake unakaa kwenye asilimia 100 dakika kadhaa baada ya kuwasha, umempata mchawi. Sindano ya diski hiyo inaruka huku na huko kusoma maelfu ya vipande vidogo, na Windows ya leo huandika na kusoma muda wote hata ukiwa hujagusa kitu. Kubadili mfumo hapo ni kuhamisha mzigo mmoja kwenye punda yuleyule kilema. Weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 240 au 256 kwanza, na kama RAM ni GB 4 iongeze ifike 8. Mabadiliko hayo mawili huipa mashine ya mwaka 2015 uhai kuliko mfumo wowote utakaouchagua.

Njia zilizopo

Njia fupi ni kuongezewa muda. Microsoft ilifungua mpango wa viraka vya ziada kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Sharti ni kuwa na toleo la 22H2 (andika `winver` kwenye sehemu ya kutafuta ulione) na kuingia kwa akaunti hiyo. Kiungo cha kujiandikisha kiko ndani ya Windows Update. Ni muda wa kujipanga, na anayeutumia aanze kujipanga kweli.

Ya pili ni kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubaliwa. Programu ya Rufus inapotengeneza flashi huweza kuondoa ukaguzi wa TPM na prosesa. Inafanya kazi, na mafundi wengi wanaifanya. Shida huja baadaye: Microsoft haikuahidi viraka kwa mashine hizo, na toleo jipya la kila mwaka kwa kawaida halishuki lenyewe, hivyo kazi ya flashi hurudiwa. Kila toleo la nyumbani huhudumiwa miezi 24. Mteja asiyeambiwa hilo atajikuta tena kwenye mwisho wa msaada bila kujua. Kwa kompyuta ya biashara, hii isiwe njia yako.

Mac ni jibu la mtu anayenunua mashine mpya, kwa kuwa macOS imetengenezwa kwa mashine za Apple pekee. ChromeOS Flex ni nyepesi na ya bure, lakini haiendeshi programu za Android, na bila intaneti hubaki na kazi chache.

Inayobaki ni Linux, na kwa mashine ya kizazi cha 4 hadi cha 7 yenye kazi za kivinjari, barua, filamu na nyaraka, hili ndilo chaguo bora. Linux yenyewe ni kiini tu, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mtumiaji hupakua kifurushi kamili chenye kiini hicho, eneokazi na programu, kinachoitwa distro. Distro ni nyingi mno na ubishi wa ipi ni bora hauishi. Anayetoka Windows achukue Linux Mint 22, inayohudumiwa hadi 2029: toleo la Cinnamon kama RAM ni GB 8, la Xfce kama ni GB 4. Menyu iko chini kushoto, na masasisho hayakuwashii wala kukuzimia kompyuta.

Yapo yasiyovuka. Photoshop, AutoCAD, QuickBooks ya kusakinishwa na Tally hazina toleo la Linux. Zipo njia za kuzilazimisha, lakini hesabu za watu hazifanyiwi majaribio; ofisi inayotegemea hizo ibaki Windows na itafute mashine ya kizazi cha 8. Word na Excel hufunguliwa na LibreOffice, mjukuu wa OpenOffice ileile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuiita Jambo OpenOffice. Barua na jedwali la kawaida hufunguka vizuri. Jedwali lenye makro za Excel (amri zilizoandikwa ndani yake ili lijifanyie kazi lenyewe) mara nyingi hugoma. Na kama CV yako ya ukurasa mmoja imemwagika hadi wa pili, kosa huwa ni fonti: weka Carlito inayochukua nafasi ya Calibri na Caladea inayochukua nafasi ya Cambria. Herufi zake zina upana uleule, na mistari hurudi mahali pake.

Kuweka Linux bila kupoteza kitu

Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje na uzifungue kuhakikisha zinasomeka. Kisha, ukiwa bado Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike `manage-bde -status`. Ikionyesha diski imefumbwa na BitLocker, kifaa cha Windows kinachofanya data isisomeke bila ufunguo, zima ufumbaji huo na usubiri umalizike, au angalau uandike pembeni ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Wanaoruka hatua hii hukutana na kioo cha buluu kinachodai ufunguo wasioujua. Andika pia `powercfg /h off`. Bila hiyo, Windows inapozimwa hulala nusu, na Linux itaifungua diski yake kwa kusoma tu, bila kuandika.

Pakua faili la ISO, yaani Mint nzima katika faili moja, takriban GB 3, na ulikague kwa `certutil -hashfile jina.iso SHA256`. Ilinganishe namba inayotoka na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Intaneti ikikatikakatika faili huharibika, nawe utahangaika na flashi isiyowaka ukidhani kompyuta ni mbovu. Kisha iandike ISO hiyo kwa Rufus kwenye flashi ya GB 8, na kumbuka kwamba kila kilichomo kitafutwa.

Washa kompyuta huku ukigongagonga F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo, uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Hapo usikimbilie kusakinisha. Kaa nusu saa. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa kioo, printa, kisha funga kifuniko na ukifungue uone kama inaamka. Wi-Fi ya chipu za Broadcom mara nyingi haionekani mwanzoni: unganisha simu kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti kwa USB, fungua Driver Manager na uweke dereva wake. Kama kisakinishi hakioni diski kabisa, mipangilio ya BIOS (ile inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka) imeweka diski kwenye RAID au Intel RST. Inabidi iwe AHCI, njia ya kawaida ya kusoma diski. Ukiibadili bila kuiandaa Windows kwa kuiwasha kwanza katika hali salama, Windows haitafunguka.

Anayetaka kubaki na mifumo yote miwili atenge angalau GB 50 kwa Disk Management ya Windows kabla ya kuanza, kisha achague kusakinisha kando ya Windows. Betri iwe imejaa na chaja iwe kwenye umeme, kwa sababu umeme ukikatika diski ikiwa inagawanywa, jedwali la sehemu zake huvurugika na faili zote huwa hatarini. Baada ya kumaliza, kabla ya kitu kingine, fungua Timeshift, programu ya Mint ya kuhifadhi hali ya mfumo, na upige picha ya kwanza ya mfumo. Siku sasisho likiharibu jambo, utarudi hapo kwa dakika chache.

Ukirudi Windows huenda ukakuta saa imerudi nyuma masaa 3. Hakuna kilichoharibika. Linux huandika saa ya mashine kwa wakati wa Greenwich, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Afrika Mashariki imeitangulia Greenwich kwa masaa 3. Washa Linux, hakikisha saa iko sawa, fungua Terminal, andika `timedatectl set-local-rtc 1`, kisha Windows nayo uirekebishe mara moja.